Wimbo wa Ukoko na Ukuta wa Mto

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeinamia sufuria ya wali, nikihofia kwamba umeanza kushika chini, wakati binti yangu alipowasha muziki kwenye simu. Tunaishi Athi River, nyumba ya kupanga, na jikoni yetu ni pembe tu ya chumba, kwa hiyo muziki wa mmoja ni muziki wa wote. Kwa kawaida namwambia apunguze kabla jirani hajaanza kugonga ukuta. Siku hiyo nilimwacha. Gitaa lilikwaruza, msichana akahesabu upesi upesi kwa lugha ya mbali, ichi, ni, san, shi, halafu ngoma ikaingia kama mtu anayegonga mlango wa choo asubuhi. Na kabla msichana yule hajaanza kuimba, mimi nilikuwa nimeshaumaliza mstari wake wa kwanza.

Binti yangu alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisalimia.

"Mathe, hii umeijulia wapi?" aliuliza. "Hii ni albamu ya kitambo ya wasichana wa Japani. Hata kwa klasi yetu ni mimi tu naijua."

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu mno kwa mtu anayesubiri chakula. Basi nikusimulie wewe kwanza, rafiki yangu, wewe uliyeiona mito yetu ilipokuwa bado mito. Sufuria nitairudia.

Nililelewa na nyanya yangu, mamake mama, huko Kalama, mama akiwa mbali kutafuta kazi. Nyumba ilikaa kwenye mteremko, na chini ya mteremko palipita mto ambao mgeni angesimama katikati yake na kuuliza uko wapi. Karibu mwaka mzima ulikuwa barabara pana ya mchanga mweupe. Maji yalijificha chini. Uliyafuata kwa mikono na kibuyu, ukachimba shimo, ukasubiri yajikusanye kidogo kidogo, ukateka nusu kikombe ukamimina kwenye mtungi, ukasubiri tena. Kiangazi kilipokaza, shimo lilikuwa limenizidi urefu. Mimi ndiye niliyekuwa mwembamba, kwa hiyo nyanya alinishika mkono akanishusha ndani.

Hadi leo naikumbuka baridi ya kule chini, na harufu ya mchanga uliolowa, kama harufu ya msumari ukiuweka mdomoni. Nilikuwa nikiinua macho naona uso wa nyanya tu na kipande cha mbingu. Mchanga ulikuwa ukichuruzika kando ya masikio yangu, na kila ukichuruzika niliacha kupumua. Kingo za shimo kama hilo zilikuwa zimemwangukia binti wa jirani. Walimtoa akiwa hai, lakini tangu siku hiyo hakulala tena mlango ukiwa umefungwa. Nyanya alijua ninavyoogopa. Hakuwahi kunibembeleza, ila mkono wake ulinishika kwa nguvu hata ukaacha alama.

Kwa sababu ya mashimo yale akina mama wa mwethya walikata shauri kujenga ukuta. Mwethya, kama umesahau, ni kikundi cha kazi: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu, na asiyekuja huku hapati watu kwake. Ukuta ungevuka mto ukiwa umekaa juu ya mwamba. Mafuriko yakija yangeacha mchanga nyuma yake, mwingi, na mchanga ungeyahifadhi maji karibu na juu, hata mtoto angeyafikia kwa kukwangua na kikombe. Saruji ililetwa na kanisa. Fundi alitoka Masii. Kila kitu kingine kilikuwa mgongo wa mwanamke.

Lakini ukuta nusu ni balaa kuliko kukosa ukuta. Fundi alitueleza mapema, tena bila kutuficha, kwamba mafuriko yakikuta pengo katikati, maji yote ya mto yatapenya hapo na kung'oa kushoto na kulia, na tutabaki na rundo la mawe. Na kanisa halingetoa saruji mara ya pili. Kwa hiyo tulikuwa tukishindana na mvua. Kufikia Jumamosi ninayotaka kukusimulia, pande zote mbili zilikuwa zimepanda vizuri, na katikati kulikuwa kumebaki pengo pana kama mlango wa kanisa. Juu yetu jua lilikuwa kali. Juu ya vilima mto unakotoka, wingu lilikuwa limekaa tangu asubuhi, na kila tulipoinua macho lilikuwa limeongezeka.

Wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu mvua ilinyesha kwa watu wengine, na maji yakakufuata wewe ukiwa umesimama pakavu.

Sasa hapo lazima nikueleze mambo ya wimbo. Mawe yalitoka juu ya mteremko hadi ukutani kwa mkono, mama mmoja akimpa mwenzake, msururu mrefu. Kazi hiyo haifanyiki kimya. Wimbo ndio unaokuambia sasa pokea, sasa toa. Bila wimbo huyu anatoa kabla yule hajawa tayari, na jiwe linatafuta mguu wa mtu. Anayeongoza wimbo anaitwa ngui, na ngui wa kikundi chetu alikuwa nyanya yangu, tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

Sauti yake haikuwa tamu, nisikudanganye. Ilikwaruza. Lakini ilikuwa na mshipa, na ilikuwa na ulimi. Alitunga hapo hapo, jiwe likiwa mkononi: leo amemwimba chifu na tumbo lake, kesho mume wa fulani aliyelala hadi saa nne, keshokutwa mama aliyejifanya mgonjwa siku ya kubeba maji. Mtu alikuwa radhi kubeba jiwe linalomzidi kuliko kusikia jina lake limeingia kwenye wimbo wa nyanya.

Halafu mwaka huo, ukuta ukiwa umefika magotini, sauti ikamtoka. Kwanza ilikuwa homa, kisha vumbi la kokoto juu ya homa, na siku moja akafungua mdomo kuniita nikasikia pumzi tu. Zahanati walimwambia apumzike. Alikunywa maji ya tangawizi, akala asali, akatafuna magome niliyotumwa kuyaleta nikiwa nimefunga pua. Hakuna kilichosaidia. Alikuwa akinong'ona kama mtu aliye kanisani, na mwanamke aliyezoea kunigombeza kutoka ng'ambo ya mto sasa alinirushia vijiwe ili nigeuke.

Utauliza kwa nini asiongoze mwingine. Fundi naye aliuliza hivyo hivyo, na akina mama wakamtazama kama aliyewaambia wavue nguo. Ngui hanyang'anywi wimbo akiwa hai, tena mwenyewe amekaa pale anakuona. Hiyo ni kumzika akiwa ameketi. Kwa hiyo walifanya kazi kimya, kwa kumpenda. Mama wa jirani alivunjwa kidole cha mguu. Mwingine aliangusha jiwe likabingirika hadi chini karibu limpate fundi. Ukuta uliokuwa ukipanda kila siku ukaanza kupanda kwa kusitasita. Mimi nilikuwa mtoto, lakini niliona kwamba heshima ile itatumaliza.

Hapo ndipo anapoingia mwalimu.

Alikuwa msichana wa Kijapani, amejitolea kutufundisha hesabu shuleni, na Kiswahili chake kilitushinda sote. Sisi tulisema kikombe yangu imevunjika. Yeye alisema vikombe vyangu viwili vimevunjika, tukaanguka kwa kicheko kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nyanya alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hakuwa akitania. Mwalimu alipewa jembe, baadaye akapewa mawe, akayabeba kila Jumamosi uso ukiwa mwekundu kama nyanya ya sokoni, bila kulalamika.

Sisi wasichana tulikuwa tukiwapelekea walimu maji, na zamu yangu ilikuwa kwake. Siku ya kwanza nilipofika na mtungi kichwani nilisikia kelele ndani nikadhani kuna watu wanapigana. Ilikuwa kaseti ya albamu ile ile. Wasichana watatu, mwalimu alinieleza, na hii ni moja ya albamu zao za mwanzo mwanzo, kabla hawajajua kupiga vizuri. Hawakuwa na mwanamume hata wa kuwabebea vyombo. Katika wimbo mmoja mpiga gitaa alikosea, wakacheka wote watatu, wakaanza upya, na kicheko chenyewe wakakiacha humo humo kwenye kaseti. Hicho ndicho kilichonichukua moyo. Kwetu mtoto wa kike akikosea mbele ya watu alijifunika uso kwa kanga.

Nilimuuliza wanaimba nini. Mmoja ni kuhusu kuchelewa basi, alisema. Mwingine ni paka. Na ule wa haraka kuliko zote ni kuhusu dada wawili wanaogombania ukoko. Kwao ukoko wa wali unaitwa okoge, na hilo ndilo neno wanalopigia kelele kwenye kiitikio.

Aliniazima kaseti, nikaipeleka nyumbani kwenye redio ya marehemu babu. Wakati huo nyanya alikuwa bado na sauti yake. Nilipomwambia maana ya wimbo aliweka chini ungo wa mbaazi.

"Watu wanapanda ndege kuvuka bahari kuja kutuambia mambo ya ukoko," alisema. Akatikisa kichwa. Halafu akaniambia niurudie. Aliusikiliza mara nyingi siku hizo, akichambua mbaazi, na vidole vyake vikawa vinachambua kwa ule mwendo. "Huyu wa ngoma ako na haraka," aliniambia siku moja, kwa sauti ya fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine, "lakini hapotei."

Turudi Jumamosi ile. Asubuhi, mawe ya kwanza yakiwa yameanza kupanda kimyakimya, nyanya alisimama akatazama wingu la vilimani. Alilitazama muda mrefu. Kisha akanivuta sikio hadi mdomoni pake akanong'ona, "Lete redio. Redio si mtu."

Nilimwelewa mara moja, nikakimbia. Redio haina jina wala ukoo. Haiwezi kumzika mtu. Niliyatoa mawe ya redio, yale ya betri, juu ya bati nilikokuwa nimeyaanika yapate nguvu ya jua, nikayang'ata moja moja kama tulivyofanya siku hizo yakianza kuchoka, nikashuka nayo mtoni. Niliiweka redio juu ya mwamba, kaseti ndani, na kazi yangu ikawa hiyo: wimbo ukiisha naitoa kaseti, nairudisha nyuma kwa kalamu ya biki ili tusimalize betri, naitia tena.

Mwanzoni ilikuwa vurugu. Wimbo ulikimbia, mawe yakarundikana kwa mama mnene wa katikati hata akaapa kwenda nyumbani. Nyanya, bila neno, aliingia kwenye msururu akaonyesha kwa mikono: pokea, acha ngoma moja ipite, toa. Pokea, acha moja, toa. Wakapata. Kwenye kiitikio wakaanza kupiga kelele pamoja na wale wasichana, na kwa ndimi zetu za Kikamba ikawa "Okoke!", na kwenye kila okoke jiwe likabadili mikono. Mwalimu alicheka hadi akaangusha lake. Nikwambie kweli, sijawahi kuona mawe yakienda namna ile. Yalishuka mteremko kama mbuzi wanaokwenda kunywa maji. Fundi aliacha kupiga mbinja akawa anafuta jasho.

Tulikula muthokoi wa mahindi na maharagwe tukiwa tumesimama. Baada ya chakula upepo ukageuka, ukaanza kutoka upande wa vilima, wa baridi, ukiwa na harufu ya udongo uliolowa. Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Mzee mmoja jirani alikuwa ametumwa akae juu ya bonde atupigie kelele akisikia maji, na sasa kila mbwa akibweka tuligeuka. Pengo lilikuwa limefika usawa wa kiuno. Fundi alisema likifungwa kabla ya giza, na saruji ikapata usiku mmoja wa kukaza, kuna matumaini. Hakusema lisipofungwa itakuwaje. Nilitazama shimo letu la maji limeacha mdomo wazi pale mchangani, nikajua mwenyewe.

Sikumbuki saa ngapi jambo lenyewe lilianza, kwa sababu lilianza polepole mno. Betri zilikuwa zinakufa. Wewe unajua kaseti inavyofanya betri zikiisha: haikatiki, inazama. Wasichana wale wakaanza kuimba kwa sauti nzito kidogo. Kisha nzito zaidi, kama kaka zao. Ngoma ikawa inatembea badala ya kukimbia. Na akina mama, rafiki yangu, wakapunguza mwendo pamoja nayo. Hawakujua. Miili imechoka, mikono imeshajikabidhi kwa wimbo, na wimbo ukilala mikono inalala. Waliitikia okoke kwa sauti zile zile nzito, macho mbele, wakidhani wanakwenda kasi ile ile ya asubuhi.

Fundi alikuwa amesimama juu ya ukuta na mwiko wake, saruji inakauka kwenye karai.

"Mawe," aliita. "Akina mama, mbona mnalala?"

Wakamtazama bila kumwelewa. Kutoka vilimani ngurumo ilisikika, ya chini, ndefu. Redio ikatoa mngurumo wake pia, kama ng'ombe anayejifungua, ikanyamaza.

Msururu wote ulisimama. Kila mama alikuwa ameshika jiwe, na hakuna aliyeliweka chini, kwa sababu kwetu wimbo haukatikii njiani. Jiwe lililopokelewa ndani ya wimbo hutolewa ndani ya wimbo. Walisimama hivyo, na macho yote yakamgeukia nyanya yangu.

Nyanya alifungua mdomo. Niliona mishipa ya shingo yake ikisimama. Niliona kifua kikipanda. Kilichotoka ni pumzi, na pumzi yenyewe ikaishia kwenye kikohozi. Alijaribu tena. Sijawahi kumwonea mtu uchungu vile, na sijawahi kuogopa vile, kwa sababu nilijua watu wale wangesubiri. Wangesimama na mawe yao hadi mto uwakute.

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa akiujua wimbo kuliko sisi sote. Alifungua mdomo, akawatazama akina mama, akaufunga. Alikuwa ameishi nasi muda wa kutosha.

Nilibaki mimi. Na mimi nilikuwa na jina la nyanya. Unajua kwetu mjukuu aliyepewa jina la nyanya yake anavyochukuliwa: wazee walinisalimia kama wanavyomsalimia yeye, wakanitania kuhusu mume wangu, yaani babu. Kila siku nilikuwa nikiuona huo ni mzaha wa watu wazima. Pale kando ya redio iliyokufa haukuwa mzaha. Nikiimba mimi, je, nimemnyang'anya, au ni yeye aliyeimba? Hakuna aliyenifundisha jibu. Ngurumo ikaja tena.

Nilisimama juu ya mwamba. Nikahesabu, ichi, ni, san, shi, sauti ikanipasuka kwenye shi.

Niliimba mstari wa kwanza peke yangu. Hakuna aliyesogea. Niliimba wa pili, maneno nusu yake nikiyabuni, mwendo ukiwa ule wa asubuhi, wa mbio, na bado mawe yalikuwa pale pale mikononi. Hawakunitazama mimi. Walimtazama yeye. Nilikaribia kulia, na nilikuwa nimeshafika karibu na kiitikio, na nilijua nikifika hapo pasiwe na mtu wa kuitikia, nitakuwa nimemzika nyanya yangu bure.

Nyanya aliweka chini jiwe lake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa hiyo. Akatembea hadi kwenye mtungi wetu wa plastiki, ule wa buluu, akaugeuza kichwa chini, akaupigia magoti, na akaanza kuupiga kwa viganja. Ngoma moja, acha moja. Hakupotea hata kidogo.

"Okoke," wakajibu akina mama wote, na mawe yakaondoka.

Niliimba hadi nikasahau kwamba ninaimba. Nilipokosea nilicheka, kama wale wa kwenye kaseti, nikaanza upya, na hakuna aliyenikemea. Jua lilikuwa limegusa kilima fundi alipoinua mwiko juu kuonyesha kwamba jiwe la mwisho limekaa. Tulipanga magunia ya mchanga mbele ya saruji mbichi kuikinga, tukapanda nyumbani. Viganja vya nyanya vilikuwa vimevimba. Nilimpaka mafuta ya mgando, akaniacha.

Maji yalikuja alfajiri. Tuliyasikia kabla hatujayaona, kama malori mengi yanayopanda mlima, na mteremko mzima ukatoka nyumbani na mablanketi mabegani. Yalikuja ya rangi ya chai, yamebeba matawi na mti mzima na kuku wa mtu. Yakagonga ukuta. Yakapanda. Kwa muda mrefu mno, au nilioona mrefu mno, hatukujua kama utahimili. Kisha yakafika juu, yakamwagika upande wa pili kwa utulivu kabisa, na ukuta ukabaki umesimama pale pale.

Wengine walipiga vigelegele. Mwalimu alikaa chini kwenye tope akalia. Nyanya alinishika mkono, mahali pale pale alipokuwa akinishikia wakati wa kunishusha, akaniinamia sikioni.

"Sasa sikushushi tena," alinong'ona.

Na kweli hakunishusha tena. Mchanga ulijaa nyuma ya ukuta, na kiangazi kilichofuata nilichota maji nikiwa nimechuchumaa, nikaota jua mgongoni.

Sauti yake ilirudi karibu na Krismasi, mbaya kuliko mwanzo, ikatosha kuwagombeza kuku na mimi. Akina mama walifurahi, wakamwita arudi mbele. Alikwenda kwenye mwethya na mtungi wake, akaugeuza, akakaa nyuma yake, na walipomsubiri aanze alinionyesha kwa kidevu. "Huyu ni mimi," alisema. Niliongoza hadi nilipokwenda sekondari. Yeye hakuimba tena mbele ya watu maisha yake yote. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini, maana sauti ilikuwa ipo. Alisema wimbo si koti, mtu anavua asubuhi anavaa jioni. Aliniambia bila uchungu, akikuna ukoko wa ugali kwenye sufuria, akanipa mimi kipande kikubwa. Nilikula nikiwa na huzuni ambayo sikuijua jina.

Mwalimu alirudi kwao muda wake ulipokwisha, akaniachia kaseti. Redio ya babu iliitafuna mwaka uliofuata. Nyanya hakutupa kitu: aliuvuta ule utepe wote akaufunga kwenye miti shambani, juu ya mtama, kufukuza ndege. Upepo ukija ulivuma na kumetameta, na mimi nilikuwa nikisimama pale nikijaribu kusikia kama kuna neno. Hivyo ndivyo albamu ile ilivyoisha kwetu, ikiwaimbia ndege.

Nilikwenda Kalama kwa mazishi si zamani. Nyanya alikuwa ameshafariki kitambo, na karibu wote wa msururu ule. Ukuta upo. Fundi yule alijua kazi. Lakini malori yamekuja usiku na mchana kuzoa mchanga kupeleka kwenye majumba yanayojengwa, na nyuma ya ukuta kumebaki mwamba mtupu na chupa za soda. Umesimama katikati ya mto bila cha kushika. Niliuliza kuhusu mwethya, mama mmoja kijana akanionyesha kikundi kwenye simu, watu wanatumiana pole na michango. Sikatai, nayo ni kazi. Kwenye kiwanda cha nguo ninakofanya kazi pia tunashona kwa msururu, kola inatoka kwangu inakwenda kwa jirani, ila kila mmoja ana wimbo wake sikioni, na hakuna anayejua mwenzake anasikia nini. Inanikera, kisha inanihuzunisha, kisha king'ora kinalia tunakwenda kula.

Basi, sufuria. Wali ulikuwa umeshika kweli kweli. Binti yangu alikuwa bado ananisubiri, na wimbo ulikuwa umeisha, akaurudisha mwanzo kwa kidole kimoja tu, bila kalamu. Nikamwambia nitamwonyesha nilikoujulia. Nikaanza kuimba pamoja na simu. Nilikwenda vizuri hadi mstari wa pili, halafu nikaiona shingo ile ya nyanya, na mishipa yake, na mdomo ulio wazi, na sauti yangu ikakatika. Nikafungua mdomo tena. Ikatoka pumzi.

Binti yangu aliushika wimbo hapo hapo nilipouacha. Maneno yake yalikuwa sahihi, amejifunza kwenye simu. Yangu yalikuwa makosa matupu miaka yote hii. Alipofika karibu na kiitikio alipunguza sauti, akanitazama, kama mtoto anayeuliza kama aendelee au anyamaze.

Nikapakua ukoko wote kwenye sahani yake. Kisha nikaigeuza sufuria kichwa chini, nikachukua mwiko, nikaanza kupiga.